Bastola ya Pili ya Gaylon Pruett

Kitufe kilikuwa upande usio wake.

Nadine Ott, mpelelezi wa kaunti, aliigeuza bastola tena juu ya karatasi ya kahawia, akaitazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, bila mapenzi wala chuki. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya aina iliyojaa viunoni mwa watu wa Oklahoma kila joto la Julai linapowavua makoti. Kitufe cha kuachia magazini, kile kisanduku cha risasi, huwekwa kiwandani upande wa kushoto, kidole gumba cha mkono wa kulia kikifikie. Katika bastola hii kilikuwa kimehamishiwa kulia. Ni kazi ndogo ya bisibisi, na watu wa mkono wa kushoto huifanya siku ileile wanayoinunua.

Gaylon Pruett, ambaye bastola hii iliokotwa ubavuni mwake, alikuwa mtu wa mkono wa kulia.

"Bado mnatazamana tu?" Harlan Tebbe, mwendesha mashtaka wa kaunti, alisimama mlangoni na bilauri ya chai ya barafu. "Utaiposa lini?"

"Kesho unatangaza saa ngapi?"

"Nikimaliza kifungua kinywa. Simshtaki Lonnie. Atarudishiwa bastola yake, aende zake. Sheria ikishasema mtu alijilinda, Nadine, kulifungua tena faili hilo ni sawa na kufufua maiti. Kama una neno, ni leo."

Alikuwa nalo neno, ila halikuwa na miguu ya kusimamia. Gaylon, mfugaji wa makamo na mwalimu wa darasa la vibali vya silaha katika ukumbi wa kanisa, alipigwa risasi moja ya kifua Jumatatu mchana kwenye maegesho ya duka la vyakula vya mifugo. Aliyempiga ni jirani yake, Lonnie Baskin. Majira ya kuchipua Gaylon alikuwa amemuua mbwa wa Lonnie aliyeingia kati ya ndama wake; wakagombana, mchungaji akawapatanisha. Lonnie alieleza kwamba walikutana kwa bahati, Gaylon akalianzisha upya neno la mbwa, akapandisha shati, akatoa bastola. Naye akaogopa, akaiwahi kwa kupiga kwanza. Kisha akarudi nyuma mpaka kwenye pikapu yake, akaweka silaha juu ya boneti, akanyoosha mikono juu, akasubiri. Hakugusa kitu. Ndivyo Gaylon mwenyewe alivyokuwa akiwafundisha darasani, na Lonnie alikuwa mwanafunzi wake.

Kulikuwa na shahidi. Marva Teel alikuwa ndani ya gari lake na mjukuu mchanga. Alimwona Gaylon akipandisha shati na kutoa bastola. Hapo akageuka, akafungua mkanda wa kiti cha mtoto, akamfunika kwa mwili wake, ndipo akausikia mlio. Alipoinua kichwa, Lonnie alikuwa mbali, mikono juu.

"Haikuwa na risasi hata moja," Nadine alisema. "Chemba tupu. Magazini tupu."

"Na Lonnie angejuaje? Sheria haiulizi ndani ya bastola mna nini. Inauliza aliyeelekezewa aliogopa nini." Tebbe alikunywa chai. "Ununuzi wa kipumbavu, basi. Mtu na miaka yake na bastola moja, ananunua ya pili, hata hajaijaza, anatoka nayo kwenda kutishia watu."

Nadine alizipanga picha za maegesho. Gaylon chali, kiganja cha kulia wazi. Bastola imelala kando yake, mgongo wake wa chuma umevutwa nyuma na kukwama hapo, chemba ikitazama jua: salama, kama inavyotakiwa. Magazini iko chini ya tairi la mbele. Alizirudisha katika bahasha.

"Tatizo ni hilo neno lako," alisema. "Ananunua."

*

Duka la Dub Kessler lilinuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua. Dub, mzee mnene mwenye kanda mbili za suruali, aliitazama picha ya bastola, akairudisha juu ya kioo cha kaunta.

"Haikutoka hapa. Gaylon hakununua kwangu."

"Lakini alitaka."

"Alitaka? Dada Nadine, mwezi mzima! Anaingia, anasalimu, anaishika hiyo hapo ya tatu, anaipima kiunoni, anaitoa, anaishika tena. Nikamwambia, bwana, ungekuwa unachumbia hivi, mkeo Twyla angeolewa na mwingine." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Joto lilikuwa linamsumbua. Lile chuma lake kubwa limemchubua nyonga miaka yote hii. Na fulana moja haifichi kitu. Ukiinama kuchukua gunia kanisa zima linajua umebeba nini."

"Basi kilichomzuia ni nini?"

"Ualimu. Yake kubwa ina kizuizi cha usalama. Ukiitoa, kidole gumba kinakishusha. Hizi ndogo nyingi hazina. Akaniambia, 'Dub, kidole changu kinashuka kabla sijafikiri. Wiki hii nikibeba yenye kizuizi, wiki ijayo isiyo nacho, siku ya siku mkono utauliza swali, na siku ya siku haina nafasi ya maswali.' Nami nikamjibu, sawa mwalimu, lakini hiyo moja yako ikienda kwa fundi je? Au Nadine akiichukua kuwa kielelezo? Utatembea uchi? Ndiyo maana mtu anakuwa na mbili." Alimtazama Nadine kiunoni, ilipokuwa bastola iliyopauka kingo. "Na wewe? Lini?"

"Hii inanitosha."

"Wote husema hivyo."

"Akafikia wapi?"

Dub alifuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. "Jumamosi alipita, akasema hatanunua kwanza. Ameazimwa moja, anakaa nayo wiki."

"Anakaa nayo."

"Si unajua. Unaivaa nyumbani, tupu. Unalisha ng'ombe nayo, unaingia nayo kwenye gari, unakula nayo. Wiki ikiisha, kama kiuno kimeisahau, ni yako. Kama bado unaikumbuka kila unapokaa, mrudishie mwenyewe. Nilimuuliza kaazimwa na nani, maana iliniuma kidogo. Mteja wangu, wiki nzima kiunoni na biashara ya mtu mwingine. Akacheka tu. 'Ni mambo ya amani, Dub.'"

"Watu wangapi mjini hapa hubeba kwa mkono wa kushoto?"

"Wanaobeba?" Dub alitazama dari. "Mchungaji Stroud. Lonnie Baskin. Na mama mkwe wangu, ila silaha yake ni kikaango."

"Mchungaji hubeba ipi?"

Dub aliinyooshea kidole picha iliyokuwa juu ya kaunta. "Ndugu yake hiyo hiyo."

*

Mchungaji Weldon Stroud alikuwa akipanga viti vya mazishi. Nadine aliposema anataka kuiona bastola yake, hakuuliza sababu. Alipandisha koti. Ilikuwapo, upande wa kushoto, ndani ya ala yake.

"Hujaiazima kwa mtu karibuni?"

"Hapana. Nimeombwa, nikakataa." Alishusha koti polepole. "Lonnie alikuja Jumanne. Alisema mmeichukua yake, na ndugu zake Gaylon wanapita pita barabarani kwake, anaogopa kukaa mikono mitupu. Yangu imefungwa kishoto kama zake, ndiyo maana alinijia mimi. Nikamwambia, ndugu, si unayo ile ndogo? Akasema hiyo haipatikani kwa sasa."

"Haipatikani."

"Ndivyo alivyosema. Sikumdadisi. Alikuwa anatetemeka." Stroud aliketi kwenye kimoja cha viti. "Wale watu walipeana mikono ofisini kwangu, dada Nadine. Lonnie akaniambia ataonyesha amani kwa tendo, si kwa maneno. Nikaona nimefanya kazi ya Mungu."

Nadine alimshukuru. Nje, ndani ya gari lililogeuka tanuri, alikula biskuti ya chumvi iliyokuwa imebaki katika kifuniko cha kikombe, akaitafuna bila kusikia ladha yake.

Mwenye bastola mbili akichukuliwa moja na kaunti, huivaa ya pili. Ndiyo maana ya kuwa na ya pili. Lonnie alikuwa akizunguka mji kuomba, kwa sababu ya pili nayo ilikuwa juu ya karatasi ya kahawia ofisini kwa Nadine. Lakini alijua Tebbe atasemaje. Atasema: haya, aliiazima yeye, akaona aibu, akaficha. Tupu ni ya nyumbani. Anayetoka barabarani huijaza. Lonnie alipoiona inatoka, angejuaje kama imejazwa au haijajazwa?

*

Twyla Pruett alimpokea jikoni. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono, pipa lake la mbao limekauka na kupasuka kingo. Sahani za watu wa kanisa zilijaa kaunta, zimefunikwa karatasi ya foili, hakuna iliyoguswa.

"Keti. Kuna viazi vya kuoka vya kulisha jeshi."

"Nimekula, Bi. Twyla."

"Mwongo. Una makombo kwenye shati." Aliketi mwenyewe. "Uliza."

"Bastola ile ndogo. Alikwambia ni ya nani?"

"Ya rafiki. Sikuuliza. Hii nyumba ina bunduki nyingi kuliko vijiko, mtu hawezi kuulizia kila moja." Alisogeza mpini wa mashine, ukalia. "Aliivaa tangu Ijumaa. Anakaa, anasimama. 'Twyla, unaiona?' Siioni. 'Nikiinama je?' Naona makalio ya mzee, basi. Jumapili akasema inamchoma mbavu. Jumatatu akasema labda ataizoea."

"Jumatatu alipotoka alikuwa ameijaza?"

Mpini ulisimama.

"Kulikuwa na sherehe ya aiskrimu jioni, ya vijana wa kanisa. Maziwa yako tayari, barafu iko tayari, chumvi ya mawe imekwisha. Bila chumvi haigandi. Nikamwambia kimbia dukani. Akasema, 'Ngoja nibadilishe, hii ni tupu.' Ile yake kubwa ilikuwa kwenye sefu, na sefu iko chini, na goti lake unalijua lilivyo kwenye ngazi." Twyla aliongea kwa sauti ileile aliyotumia kusema habari za viazi. "Nikamwambia, ni kwenda na kurudi, Gaylon. Nenda hivyo hivyo."

Friji lilianza kunguruma, likanyamaza.

"Alikuwa hamtishii mtu, Nadine. Kwa bastola tupu? Yeye? Watu kanisani wananipa mkono huku wanaangalia viatu. Wanaona aibu kwa niaba yangu. Mwalimu wa usalama kachomoa bastola kwa ajili ya mbwa. Miaka yote nimeishi na yule mtu hajanikabidhi bastola imefungwa. Hata ile ya kuulia nyoka. Atoe magazini, avute mgongo wake, aukwamishe, anioneshe shimo. 'Umeona?' Nimeona. 'Sema umeona nini.' Hamna kitu, Gaylon. Ndipo anaiachia. Nilikuwa namwambia, ipo siku nyoka atatusubiri mpaka tumalize ibada."

Nadine alikuwa akitazama mabaka ya jua juu ya zulia la plastiki. Aliinua macho.

"Anaukwamisha wazi," alisema.

"Kila siku."

Nadine alisimama, akasukuma kiti mahali pake.

*

Aliwakuta wote wawili kwenye kituo cha zimamoto, ng'ambo ya barabara kutoka lile duka la vyakula vya mifugo. Kendra Yost, mhudumu wa gari la wagonjwa, ndiye aliyefika wa kwanza kwa Gaylon. Tyce Mabry, naibu sherifu, alifika baada yake.

"Tyce, bastola ya Gaylon. Ulipoifanya salama uliweka wapi magazini?"

"Mimi? Sikuigusa mpaka tulipoifunga kwenye mfuko. Niliikuta wazi. Kendra ndiye aliyeifungua."

"Nani?" Kendra aliacha kukunja blanketi. "Mikono yangu ilikuwa kifuani kwa mtu, Tyce. Bastola ilikuwa wazi nilipopiga magoti. Nilidhani Lonnie kaifungua."

"Lonnie alikuwa kwenye pikapu yake. Marva anasema hakusogea."

"Basi nilidhani wewe."

"Nitakuwaje mimi, nimefika baada yako?"

"Sikufikiri, Tyce! Bastola iko chini, iko wazi, iko salama. Kuna mtu huwa anaifungua. Siku zote kuna mtu."

Nadine aliwaacha wamalizane. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na lilikuwa lake pia. Mahali pengine mtu angeona bastola imekwama wazi akauliza kwa nini. Hapa kila mkono umefundishwa kuifungua, kwa hiyo kila jicho liliona wazi likahesabu mkono wa mwingine. Na haikuweza kujifungua yenyewe kwa kuanguka. Bila magazini ndani yake, mgongo ukivutwa hurudi mbele. Haukwami mpaka kidole kiinue kile kipande kidogo cha pembeni. Magazini ilikuwa imetolewa kwanza. Kisha mgongo ukavutwa. Kisha kidole kikainua. Mambo matatu, kwa utaratibu wake, wakati Marva Teel akihangaika na mkanda wa mtoto.

Mtu anayetaka kuua hafanyi hata moja kati ya hayo.

*

Lonnie Baskin alikuja mwenyewe, kwa sababu aliambiwa kuna karatasi ya kutia sahihi kuhusu bastola yake. Alikuwa amenyoa. Nadine alimsomea haki zake moja baada ya nyingine, akamwambia anaweza kuwa na wakili.

"Wa nini? Sina la kuficha, mama. Harlan kasema kesho naipata."

"Basi tia sahihi hapa kwamba umezielewa."

Aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Tebbe alikuwa ukutani, amekunja mikono, amenuna kwa kuchelewa chakula.

"Nina mambo machache tu," Nadine alisema. "Ile bastola yako ndogo iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nitamtuma Tyce akaione, ukiruhusu."

"Subiri. Hapana. Niliiuza. Kwenye maonyesho ya silaha, Amarillo. Jina la mtu silijui."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Jumanne ulimwambia mchungaji haipatikani kwa sasa."

"Kuuzwa si kutopatikana?"

Tebbe alikunjua mikono.

Nadine aliweka bastola mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki. Hakusema chochote kuhusu kitufe. Alikigeuzia upande wa Lonnie tu, akakiacha hapo. "Nieleze tena ilivyokuwa. Polepole."

"Nimeshaeleza. Alipandisha shati, akaitoa, akanielekezea. Nikaiwahi."

"Kati ya kuitoa na wewe kuiwahi, kulipita nini?"

"Hakuna. Kufumba na kufumbua."

"Baada ya hapo uliigusa?"

"Sikugusa kitu. Nilirudi nyuma, nikasimama. Marva aliniona. Tulifundishwa hivyo."

"Na nani?"

Lonnie aliisukuma kalamu kando.

"Nani aliwafundisha, Lonnie?"

"Gaylon."

"Tyce hakuifungua," Nadine alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani. "Kendra hakuifungua. Wewe unasema hukuigusa, na Marva anakuunga mkono. Ilikutwa wazi, mgongo umekwama, magazini iko chini ya tairi. Ukiniambia sasa ni wewe uliyeifungua, basi ulimwendea, na maelezo yako yote ni uongo. Ukisema si wewe, basi ni yeye. Chagua."

Kiyoyozi kilidondosha tone la maji katika ndoo. Lonnie alikitazama kile kitufe.

"Nyamaza kama unataka," Nadine akaongeza. "Ni haki yako. Nimeshakusomea."

"Nilimwazima ili yaishe," Lonnie alisema hatimaye. Alikuwa akiongea na meza. "Yale mambo ya mbwa. Mchungaji alisema fanyeni jambo. Nikaona, mzee anahangaika na joto, nami ile ndogo siivai sana. Nikampa Ijumaa, akae nayo wiki, akiipenda tuelewane. Nilikuwa natoka dukani, yeye anapakia mfuko wa chumvi. Nikamuuliza, 'Umeamua?' Nilikuwa nacheka, haki ya Mungu nilikuwa nacheka. Akasema bado, inamchoma mbavu kidogo. Nikamwambia, 'Angalau wewe nimekupa muda wa kuamua. Mbwa wangu hukumpa.'"

Lonnie alisugua kiganja kwenye suruali.

"Sikujua litatoka hilo. Lilitoka tu. Akanitazama. Akasema, 'Basi nimeamua, Lonnie. Sitaki kubeba kitu cha mtu ambaye bado ananihesabia. Chukua mali yako.' Akapandisha shati."

"Akaitoa."

"Akaitoa. Akaangusha magazini. Akavuta, akakwamisha. Akanigeuzia nione. Katikati ya maegesho, kama niko darasani, kama sijui kitu. 'Sema umeona nini,' akaniambia. Umeona nini! Mbele za watu. Ndipo nikaona mkono wangu umeshafika."

"Umefika wapi?"

"Kwenye yangu."

"Uliona tupu?"

Tebbe alijitoa ukutani.

"Niliona," Lonnie alisema. Kisha kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha jikoni: "Nadhani sasa namtaka wakili."

Nadine aliizima mashine ya kurekodi. Koridoni, Tebbe alisimama karibu na bomba la maji bila kunywa.

"Kesho natangaza," alisema. "Ila si lile nililoandika." Na baada ya kitambo: "Kama ungekuwa umechelewa kwa siku moja..."

"Sikuchelewa."

*

Twyla alikuwa kwenye kiti kilekile. Mtu fulani alikuwa ameondoa sahani na kumletea nyingine. Nadine alimweleza akiwa amesimama, kwa mpangilio, bila kupunguza wala kuremba: bastola ilikuwa ya Lonnie, Gaylon alikuwa anairudisha, aliifungua, akaionesha, hakumtishia mtu. Lonnie atashtakiwa kwa mauaji, na kesho kanisa zima litajua.

"Kwa hiyo aliamua," Twyla alisema.

"Ndiyo."

"Kwamba haitaki."

"Kwamba haitaki."

Twyla alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia bei ya kitu ambacho hatakinunua. "Kama ningemwacha ashuke akabadilishe, angekuwa na ile yake. Hii ingekuwa hapa mezani. Asingekuwa na kitu cha kumrudishia mtu."

Nadine alivuta kiti, akaketi.

"Utaliandika hilo? Kwamba nilimwambia nenda hivyo hivyo?"

"Lazima liandikwe. Ndilo linaloonyesha kwa nini ilikuwa tupu."

"Andika. Ndivyo ilivyokuwa." Alipitisha kidole kwenye ufa wa pipa la mashine. "Ule mfuko wa chumvi bado mnao?"

"Uko kwenye pikapu yake. Hatuuhitaji tena."

"Basi niletee," Twyla alisema. "Barafu bado ipo."